Simu Janja Katika Nyumba ya Askari

Tangu Machi 2007, askari wa Uganda walipoanza kwenda Somalia, simu imekuwa daraja kati ya kambi na nyumba. Basi mke wa askari aendapo dukani asivutwe na wingi wa kamera. Kwanza na aulize nguvu ya betri: ile ya mAh 5000 kwa kawaida hukaa siku nzima. Kisha aulize nafasi ya kuhifadhi. GB 128 hubeba picha nyingi za watoto. Mwisho abonyeze *#06#, alinganishe tarakimu 15 na zile za kwenye boksi, azinakili daftarini. Simu ikiibwa, polisi watazihitaji.

Lakini chombo hiki husema hata kisipoulizwa. Picha yaweza kuficha ndani yake alama ya mahali ilipopigwa. Januari 2018 ilibainika kwamba ramani ya Strava, programu ya mazoezi, ilionyesha njia walizokimbilia wanajeshi kambini mwao. Kwa hiyo askari azime huduma ya mahali kabla ya kupiga picha. Mtoto amwone baba. Adui asiione kambi.