Hisa Zangu Jackson Heights

Fleti yenyewe ilikuwa imechoka. Bibi mmoja alikuwa ameishi humo miongo mingi hadi alipofariki, na warithi wake hawakutaka hata kubadilisha bomba. Kabati za jikoni zilikuwa zimeshikiliwa na rangi tu, dari ya bafuni imevimba kwa maji ya jirani wa juu. Dalali alitusifia mwanga wa madirisha, maana kingine cha kusifia hakikuwapo. Bei ilikuwa chini kuliko za majirani, na ndiyo sababu mimi na mke wangu tuliimudu.

Jengo liko Jackson Heights, Queens, New York, si mbali na reli ya juu ya treni namba 7. Chini ya reli hiyo, barabara ya Roosevelt, ni Kikolombia na Kiekwado na Kimeksiko kutwa kucha. Ukikata kona mtaa wa 74 unawakuta Wahindi na Wabangladeshi, na hatua chache mbele Wanepali na Watibeti wanauza momo. Mtanzania hapotei mtaa ule: mbaazi zipo, bamia zipo, bizari ya kila namna ipo, na sambusa zinakaangwa mbele ya macho yako.

Mtaa haukujengwa kwa ajili yetu. Kampuni ya Queensboro ya Edward MacDougall ilinunua mashamba huko kabla treni haijafika mwaka 1917, ikapandisha majengo ya matofali yanayozunguka bustani ambazo mpita njia hazioni. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1920 ilikuwa ikiuza fleti kwa mpango wa ushirika. Wazungu wa tabaka la kati waliahidiwa bustani, viwanja vya tenisi na hata gofu, na waliahidiwa majirani pia: Wayahudi na Weusi hawakuruhusiwa. Wayahudi walianza kuingia baadaye. Sheria ya uhamiaji ya 1965 ilipofungua milango kwa watu wa Asia na kwingineko, mtaa ukageuka moja kwa moja. Mwaka 1993 jiji likatangaza sehemu yake kuwa eneo la kihistoria, kwa hiyo leo huwezi kubadilisha dirisha bila kibali. Kuta zimehifadhiwa, masharti yaliyokuja nazo yamekufa, nami sioni cha kulilia hapo.

Nilipompigia Baba kumpa habari, aliuliza hati iko wapi. Nikamweleza kwamba hati sina wala sitaipata. Jengo ni mali ya kampuni, sisi wakazi ndio wanahisa, na hisa zangu zinanipa mkataba wa kukaa kwenye fleti moja. Kila mwezi natoa ada, na humo ndimo inamotoka kodi ya ardhi, mafuta ya boila, mshahara wa msimamizi na deni la jengo lenyewe. Baba alikuwa na kihamba cha kahawa Kilimanjaro, huko ambako chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933, na mambo ya wanahisa na mikutano mikuu aliyajua kuliko mimi. "Kumbe umejiunga na ushirika," akasema. "Haya, mwanangu. Wanaokosa mikutano ndio wanaoliwa."

Lakini kwanza ilibidi ushirika wenyewe unikubali. Tulipeleka bodi hati za mishahara, marejesho ya kodi, taarifa za benki na barua za watu wa kututhibitisha, kisha tukaitwa kwenye usaili. Nilivaa suti. Waliuliza kama tuna mbwa, kama tunapiga ala ya muziki, na kama tumesoma kanuni inayotaka asilimia 80 ya sakafu ifunikwe mazulia. Bodi ya namna hii inaweza kukukataa bila kueleza sababu. Ubaguzi umekatazwa kisheria, ila kunyamaza hakujakatazwa. Walitukubali.

Sakafu ndiyo iliyotula muda. Chini ya zulia kulikuwa na vigae vya plastiki, na chini ya vigae gundi nyeusi ambayo fundi wetu, Mwekwado mmoja makini, alikataa kuigusa mpaka ipimwe, kwa kuwa gundi za zamani huweza kuwa na asbesto. Rangi za ukutani nazo zilipimwa. Jiji lilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi majumbani mwaka 1960, na jengo letu ni la kabla ya hapo. Majibu ya gundi yalikuwa salama. Ilipobanduka, vikatokea vibao vya mwaloni vilivyopangwa mshazari kama ukili wa mkeka. Tulivipiga msasa, tukavipaka vanishi, tukakaa chini kuvitazama. Kisha, kwa mujibu wa kanuni, tukavifunika mazulia.

Rejeta zilikuwa kisa kingine. Mvuke unapanda kwa bomba moja, na maji yanayobaki hurudi kwa bomba hilohilo; rejeta ikilala vibaya maji yanakwama, na usiku mtu anadhani kuna anayepiga nyundo chumbani. Msimamizi wetu, Mwalbania, alipenyeza vibao vyembamba chini ya miguu ya mwisho, upande ulio mbali na bomba. Makelele yakakoma.

Mimi sasa ni mjumbe wa bodi. Nasoma mafaili ya waombaji, nakaa upande wa pili wa meza ileile, na naona jinsi ilivyo rahisi kusema "hapana" na kufunga faili. Kwa mtaa wenye historia hii, naona ni aibu. Nilileta hoja kwamba kila tunayemkataa apewe sababu kwa maandishi. Wakili wa jengo akashauri tusithubutu, maana sababu iliyoandikwa inaweza kufikishwa mahakamani. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo maana ya kuiandika. Kura hazikutosha. Mwaka huu nimeirudisha kwenye ajenda, nayo imepangwa baada ya suala la boila, ambayo sheria ya jiji ya 2019 kuhusu hewa chafu inatulazimisha kuifikiria upya. Kwa ninavyowajua majirani zangu, boila peke yake itatufikisha saa sita za usiku.