Kifaru cha Udongo

Nilipokuwa nikifundisha hisabati Darasa la Sita huko Naipingo, wilayani Nachingwea, nilitaka somo la skeli litokane na historia ya mahali petu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mradi wa Karanga, ambao maeneo yake yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa kuwa matrekta yalikuwa adimu, vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Mradi ulivunjwa mwaka 1951.

Kifaru cha Sherman kina urefu wa karibu mita 5.8 na upana wa mita 2.6. Kwa skeli ya 1:20, mfano wake huwa sentimita 29 kwa 13. Nilikesha nikiuunda kwa maboksi na mabua ya mtama. Watoto waliustaajabia sana. Lakini nilipowapa jaribio, wengi walishindwa. Mmoja akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, wewe ulipima, sisi tulitazama tu."

Maneno yale yalinichoma. Kesho yake niliufungia mfano wangu kabatini, nikawagawia rula na udongo wa mfinyanzi. Vifaru vyao vilipinda. Kimoja kilifika sentimita 58, kwani mwenyewe aligawanya kwa 10. Alipokiweka kando ya vingine, aliligundua kosa lake kabla sijafungua kinywa.

Ndugu mwanachuo, zana bora si ile impatiayo mwalimu sifa, bali ile ambayo mwanafunzi ameipima, akaikosea, akaisahihisha kwa mkono wake mwenyewe.