Kiingilio na Sadaka: Safari ya Canterbury

Mtu atokaye London kwa treni kuelekea kusini-mashariki hufika Canterbury kabla hajachoka kuketi, maana mwendo ni kiasi cha maili 60 tu, na treni ziendazo kasi huchukua muda wa saa moja hivi. Njia yapita katika jimbo la Kent, nchi ya mashamba ya matufaha na malisho ya kondoo. Mji wenyewe si mkubwa. Mto Stour wapita ndani yake, sehemu ya ukuta wa kale ingali imesimama, na juu ya mapaa yote waonekana mnara wa Kanisa Kuu, ambao urefu wake wakaribia futi 235. Tangu mwaka 1988 kanisa hilo limo katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na magofu ya nyumba ya wamonaki na kanisa dogo la Mtakatifu Martin lililo karibu.

Asili ya kanisa hilo ni mwaka 597, ambapo Augustine, mmonaki aliyetumwa kutoka Roma na Papa Gregory, alifika Kent akaanza kuhubiri. Lakini jambo lililolifanya lijulikane kote Ulaya lilitokea tarehe 29 Desemba 1170. Siku hiyo Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa ndani ya kanisa na askari wanne waliotoka kwa Mfalme Henry wa Pili, ambaye alikuwa amegombana naye. Mwaka 1173 Papa alimtangaza Becket kuwa mtakatifu, na mahujaji wakaanza kumiminika. Wengine walikuja kwa miguu, wengine kwa farasi. Wagonjwa walichukuliwa na jamaa zao. Wala hawakuja mikono mitupu. Walileta nta, fedha, pete na vito, na mali hiyo ilisaidia sana kazi ya kulijenga upya kanisa baada ya moto mkubwa wa mwaka 1174.

Katika mahujaji hao alikuwamo Mfalme Louis wa Saba wa Ufaransa, aliyevuka bahari mwaka 1179 kumwombea mwanawe aliyekuwa mgonjwa. Yasimuliwa kwamba kidoleni alikuwa na pete yenye kito chekundu cha thamani kubwa mno. Wenyeji wakatamani kito hicho kibaki kaburini kwa mtakatifu. Mfalme akasita, akaona ni afadhali atoe fedha nyingi kuliko kuachana nacho. Hapo, hadithi yasema, kito kikaruka chenyewe kutoka katika pete na kushikamana na kaburi. Mfalme, mbele ya macho ya watu wote, hakuwa na la kusema ila kwamba ametoa.

Hadithi hiyo yaweza kuaminiwa au kutoaminiwa, lakini ina jambo ndani yake ambalo halijazeeka. Je, kile kito kilitolewa, au kilichukuliwa? Msafiri wa leo atembeleaye mahali pa kale katika Uingereza hukutana na swali hilohilo mlangoni, ijapokuwa kwa pauni chache na si kwa kito cha mfalme.

Mahali pa namna hiyo ni pengi, hata katika jimbo la Kent peke yake. Kusini-mashariki mwa Canterbury, juu ya majabali meupe ya pwani, iko Ngome ya Dover, itunzwayo na chama cha English Heritage. Upande wa magharibi iko bustani mashuhuri ya Sissinghurst, mali ya National Trust, chama kilichoanzishwa mwaka 1895 kwa ajili ya kuhifadhi nyumba na nchi za kale. Vyama hivyo vyote viwili ni vya hisani, navyo vimepata kuandika bei mbili kwa mlango mmoja: bei ya kawaida, na bei iliyotiwa sadaka ya hiari ndani yake. Makumbusho, majumba na bustani nyingine nyingi hufanya vivyo hivyo.

Msomaji atauliza, kwa nini bei mbili? Jibu lake limo katika sheria ya kodi. Mwaka 1990 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango uitwao Gift Aid. Mtu alipaye kodi huko akikipa chama cha hisani fedha, na kutia jina lake katika hati, chama hicho huruhusiwa kudai kutoka idara ya kodi peni 25 kwa kila pauni aliyotoa. Lakini kiingilio si zawadi. Ni malipo ya kitu anunuacho mtu. Kwa hiyo sheria, kwa namna ilivyorekebishwa mwaka 2006, yasema hivi: mgeni akiongeza kwa hiari yake angalau sehemu moja katika kumi juu ya bei ya kawaida, basi fedha zote alizolipa, wala si nyongeza peke yake, zaweza kuhesabiwa kuwa zawadi. Au tiketi yake ikimpa ruhusa ya kurudi kwa muda wa mwaka mzima, fedha zake zaweza pia kuhesabiwa hivyo.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme bei ya kawaida ni pauni 20. Mgeni wa kwanza alipa hizo 20 na kuingia. Mahali pale papata pauni 20 basi. Mgeni wa pili aongeza pauni 2, akalipa 22. Idara ya kodi yarudisha robo ya hizo 22, yaani pauni 5 na peni 50. Jumla ni pauni 27 na peni 50. Pauni 2 za mgeni zimeleta 7 na nusu. Mwenye kuijua hesabu hiyo hatashangaa tena kwa nini karani wa mlangoni aliuliza swali lake kwa bidii. Amefundishwa kuuliza.

Ubaya haumo katika hesabu, bali katika namna ya kuuliza. Fikiri juu ya baba aliyefika mlangoni na mkewe na watoto watatu siku ya mapumziko. Ubao umeandikwa bei kubwa juu kwa herufi nene, na bei ya kawaida chini kwa herufi nyembamba. Nyuma yake wamepanga mstari watu ishirini. Karani atabasamu na kutaja jumla iliyokwisha kutiwa sadaka, au auliza kwa sauti ya kusikika, "Je, utapenda kutusaidia kuitunza nyumba hii?" Ni neno la adabu, lakini jibu lake moja tu ndilo lisilo na aibu. Akikataa, ataonekana bahili mbele ya wageni na mbele ya wanawe. Basi hulipa, akaingia akiwa na kinyongo kidogo, naye alikuja kufurahi. Hata anunuaye tiketi kwa intaneti aweza kukuta bei yenye sadaka imewekwa mbele, na ile nyingine yahitaji kutafutwa.

Tena kuna mambo ambayo mtu aliyeharakishwa hapati nafasi ya kuyafikiri. Kutia jina katika hati ile ni kutamka kwamba alipa kodi ya kutosha katika Uingereza. Asipokuwa ameilipa, idara yaweza kumdai tofauti. Na mgeni aliyetoka Mombasa au Kisumu, asiye na kodi alipayo huko, nyongeza yake haizai kitu: pauni 2 zake hubaki pauni 2. Akitaka kutoa, atoe kwa moyo mweupe, na atashukuriwa. Asipotaka, inatosha kusema kwa upole, "Nipe tiketi ya bei ya kawaida, tafadhali." Ni haki yake, kwa sababu nyongeza isiyoweza kukataliwa si hiari tena, na kwa sheria ile haiwezi kuhesabiwa kuwa zawadi.

Watunzaji nao wana neno lao, na ni haki kulisikiliza. Majengo hayo hula fedha kila mwaka. Katika Canterbury, mwaka 2009, jiwe lilianguka kutoka katika dirisha kubwa la upande wa kusini. Ilipasa kulitoa lote, vioo na mawe, na kulijenga upya, kazi iliyokwisha mwaka 2016. Makanisa makuu ya Uingereza hayapati ruzuku ya kawaida ya kila mwaka kutoka serikalini. Ndiyo sababu katika Canterbury ajaye kutazama hulipa kiingilio, ijapokuwa ajaye kusali au kuhudhuria ibada halipi kitu. Mawe hayajitengenezi, na mafundi wa kuchonga wanataka mshahara.

Hata hivyo, haja ya fedha ni jambo moja, na njia ya kuzipata ni jambo jingine. Watu wa Kenya wanalifahamu hilo vizuri, maana wamejenga shule na zahanati nyingi kwa harambee. Harambee ni fahari ya nchi. Lakini nani asiyejua jinsi mchango wa hiari uwezavyo kugeuka deni, pale jina la mtu lisomwapo mbele ya mkutano, au bwana mkubwa atumapo karatasi ya michango kwa wale walio chini yake? Jambo hilo lilifikia hata kuandikwa katika Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003, ambayo ilimkataza mtumishi wa serikali kutumia cheo chake kuwashurutisha watu watoe. Sheria ilitambua kwamba shuruti haihitaji fimbo. Macho ya watu yatosha.

Mtu akitazama Fort Jesus ya Mombasa, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, atakuta raia wa Kenya na mgeni wa nchi za nje hawalipi sawa. Mgeni aweza kunung'unika kwamba bei yake ni kubwa. Lakini ni bei, imetajwa, naye ajua alipalo. Hakuna amwulizaye kama ana moyo mwema. Kiingilio na kiitwe kiingilio, na kama hakitoshi, kiongezwe waziwazi. Sadaka nayo iombwe baadaye, mgeni akiisha kuona yale aliyokuja kuyaona, mahali ambapo hakuna mstari nyuma yake wala karani mbele yake. Huenda fedha zikapungua kidogo mwanzoni, lakini mgeni aliyeheshimiwa hurudi, na huleta wengine.

Ndani ya Kanisa Kuu la Canterbury, nyuma ya madhabahu kubwa, kuna mahali patupu sakafuni. Hapo ndipo lilipokuwa ziara la Becket tangu mwaka 1220 hata mwaka 1538, ambapo Mfalme Henry wa Nane aliamuru livunjwe na mali yake ichukuliwe. Dhahabu imekwenda, na kile kito chekundu kimekwenda. Lililobaki ni mshumaa mmoja uwakao, na ngazi za mawe zilizolika kwa miguu na magoti ya mahujaji. Wahenga wa pwani walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mawe yale yalilika kwa sababu watu walitaka kupanda; na mlinzi wa mahali pa kale akumbukaye hilo ataliacha sanduku lake la sadaka lingoje kimya.