Mlinzi wa Shilingi Elfu Kumi

Nimeandika hadithi nyingi za wezi, lakini mwizi niliyemfahamu kwa karibu kuliko wote nilimkaribisha nyumbani mwenyewe, tena nikamlipa. Kisa hiki kilitokea kwetu Mwananyamala, Dar es Salaam, mwaka 2023. Kwa muda mrefu nilikificha kwa aibu. Leo nakisimulia, kwa sababu najua wengi wetu tunaoandika tunaweka kazi zetu zote ndani ya mashine moja ya mtumba na flashi moja ya kufungia kwenye funguo.

Mwezi wa tano mwaka ule tulinunua kompyuta ya mtumba Kariakoo. Mimi niliitaka kwa ajili ya hadithi zangu. Mama aliitaka kwa ajili ya kikoba. Yeye ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama 24 wa mtaani kwetu. Kila Jumamosi wananunua hisa na kukopeshana, na mwezi wa kumi na mbili wanagawana. Hesabu zote zilikuwa kwenye kaunta buku moja nene lililochakaa pembe. Nikamwambia, "Mama, enzi gani hizi za kaunta buku? Nipe niingize kwenye kompyuta." Bibi mmoja, katibu wao, akauliza, "Na mashine ikifa je, mjukuu wangu?" Tulicheka, mimi nikicheka zaidi. Kuanzia mwezi wa nane Mama akaacha kuandika kwenye buku.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeipeleka kompyuta kwa fundi mmoja ili aniwekee programu. Akaniuliza, "Antivairasi unayo, sista? Bila antivairasi hiyo ni nyumba isiyo na mlango. Nakuwekea ile kali ya kulipia. Elfu kumi tu, inakaa miaka mitatu."

Nilijua kwamba ya halali inauzwa zaidi ya hapo, tena kwa mwaka. Sikuuliza. Nani mjini anakataa bei poa? Nikamwona anauzima ulinzi uliokuja na Windows yenyewe. "Huu wa bure ni kimeo," akasema. "Tena ni mkorofi. Ukiuacha, unaifuta hii ninayokuwekea."

Ndugu msomaji, sentensi ile ilitosha kuniamsha. Mlinzi wa zamani anamkamata mlinzi mpya getini, na sisi tunamfukuza wa zamani kwa sababu ana kelele! Lakini nilikuwa naangalia alama ya kijani iliyotokea pembeni mwa kioo, ikiniambia kwamba niko salama. Nililipa nikaondoka.

Mwezi wa tisa Shangazi alipiga simu kutoka Morogoro. "Mwanangu, umeshatoka hospitali?" Hospitali gani? Kumbe mtu alikuwa ameingia kwenye Facebook yangu akamwandikia kwa jina langu kwamba nimelazwa, simu yangu imeharibika, atume kwenye namba ile. Shangazi anauza mboga. Alituma shilingi 50,000. Mimi nilibadilisha neno la siri haraka, tena kwa kutumia kompyuta ileile. Wiki mbili baadaye waliingia tena. Nikasema ni mambo ya Facebook. Kompyuta sikuishuku, maana ilikuwa na tiki ya kijani.

Ikafika mwezi wa kumi na mbili. Hesabu za kikoba na hadithi zangu vilikuwa kwenye flashi moja, kwa kuwa kila Ijumaa niliipeleka steshenari kuchapa karatasi za kikao. Ijumaa ile, kesho yake ikiwa ni mgao, nilirudi nikaichomeka nyumbani. Mafolda yote yalikuwa yamegeuka. Kila moja lilikuwa na kimshale kidogo chini, na nikibofya haliniletei kitu. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakufoka. Aliuliza tu, "Sasa nitawaambia nini wenzangu?"

Afadhali angefoka.

Saa nne usiku nilimgongea kijana wa jirani anayesoma mambo ya kompyuta chuoni. Alikuja na kandambili, akatazama, akatabasamu. "Dada, flashi inasema imejaa nusu, na hivi vimshale vyote havifiki hata kilobaiti mia. Vitu vyako vimo. Vimefichwa." Akanieleza kwamba kirusi cha aina hii huyaficha mafolda ya kweli na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Unapobofya, unakiendesha kirusi wewe mwenyewe. Akaandika amri fupi iitwayo attrib, ya kuyaondolea mafaili alama ya kufichwa, na mafolda yakarudi. Mama akasema "Alhamdulillahi" na kuketi kitandani kama aliyekatwa miguu.

Yule kijana hakuondoka. "Flashi si tatizo. Tatizo ni kwa nini mlinzi wako alikuwa amelala." Akaifungua antivairasi yangu. Mara ya mwisho kupata taarifa mpya ilikuwa siku ileile aliyoiweka fundi, miezi saba nyuma. Antivairasi ya wizi mara nyingi huzuiwa isiwasiliane na waliyoitengeneza, kwa sababu ikiwasiliana ufunguo wake bandia utajulikana. Kwa hiyo inabaki na orodha ya wezi wa zamani. Na wezi wapya hawangoji: maabara ya AV-TEST, iliyoko Magdeburg, Ujerumani, imehesabu programu mpya za hila zaidi ya 450,000 kwa siku.

Kisha akaurudisha ulinzi wa Windows, uitwao Microsoft Defender, akauamuru ukague kabla mfumo wenyewe haujawaka, ili wezi wasipate nafasi ya kujificha. Ulikamata kirusi cha flashi. Ulikamata pia programu ya kuiba maneno ya siri, na ilikuwa ndani ya kifaili kilekile alichotumia fundi kuufungua ule ufunguo bandia. Nilimkumbuka Shangazi. Kikulacho ki nguoni mwako. Cha kwangu nilikinunua elfu kumi.

Baada ya hapo Mama aliniuliza swali rahisi: "Mlinzi mwingine tutampataje, na tutamjuaje?" Nilitumia bando nyingi kulitafutia jibu.

Kwanza niliacha kuamini matangazo, maana kila muuzaji anajisifu. Nikatafuta wanaowapima. AV-TEST wanatoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi wa mashine na 6 kwa kutokumsumbua mtumiaji kwa kengele za uongo; jumla 18. Innsbruck, Austria, wako AV-Comparatives wanaofanya kazi kama hiyo. Nikaona kwamba Defender, yule wa bure niliyeambiwa ni kimeo, alikuwa akipata alama za juu pamoja na wale wa kulipiwa.

Pili nilijifunza kuuliza mlinzi anakula wapi. Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5, kwa sababu taarifa za kurasa walizotembelea wateja zilikusanywa na kuuzwa kupitia kampuni yake tanzu. Sisemi kwamba kila cha bure ni mtego. Defender ni bure pia. Nasema uliza.

Tatu, uhodari na uaminifu ni mambo mawili. Juni 2024 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwa Kaspersky nchini humo ikihofia mkono wa serikali ya Urusi. Kampuni ilikanusha. Katika maabara alama zake zilikuwa nzuri, lakini hofu haikuwa juu ya alama. Ilikuwa juu ya nani anashika funguo. Hata mwaminifu huteleza: tarehe 19 Julai 2024, taarifa mbovu kutoka kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike ilizima kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, na ndege nyingi hazikuruka. Programu hizi tunazipa ruhusa ya kuingia kila chumba. Ndiyo maana zinaweza kutulinda, na ndiyo maana zinaweza kutuangusha.

Mwishowe tulibaki na Defender. Mashine yetu ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu, na haiwezi kubeba walinzi wawili. Nilimjaribu kwa faili la majaribio liitwalo EICAR, herufi 68 zisizo na madhara, ambalo antivairasi zimekubaliana kulikamata kama kirusi. Alilikamata kabla sijamaliza kulihifadhi. Kila wiki natenga bando kidogo ili apate taarifa mpya, na Windows ipate viraka vyake. Mlinzi hodari hasaidii nyumba yenye ukuta uliobomoka.

Nilimweleza Mama haya yote nikidhani nimemaliza. Akaniuliza, "Naye akilala?"

Sikuwa na jibu. Akanionyesha sanduku la kikoba chini ya kitanda. Lina kufuli tatu, na kila ufunguo anao mwanamke mwingine. Mama ni mweka hazina lakini hawezi kulifungua peke yake. "Si kwamba hatuaminiani," alisema. "Tunaaminiana kwa sababu hatumwachii mtu mmoja kila kitu."

Jumamosi ile ya mgao Mama aliwaambia wenzake ukweli wote. Bibi Katibu hakunisema. Alisukuma tu kaunta buku lile kuelekea kwangu. Nilikaa usiku wa siku mbili nikinakili kwa mkono hesabu za miezi minne na zaidi, kuanzia Agosti. Shangazi nilimrudishia elfu hamsini yake kidogo kidogo mpaka Juni 2024. Alikuwa akikataa, nami nikawa natuma.

Siku hizi kila Ijumaa nanakili hesabu, pamoja na hadithi zangu, kwenye flashi ya pili ambayo haiendi steshenari. Jumamosi Mama anaibeba kikaoni. Wanawake watatu wanafungua kufuli zao, flashi inaingia ndani pamoja na vitabu vya hisa, na sanduku linafungwa. Mimi mwenye hadithi zangu sina ufunguo hata mmoja.