Keshero: nani anahakikisha telefone inayotunza makuta yetu?

Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, wengi wetu hapa Keshero tunatunza makuta ndani ya telefone. Juzi, kwenye kabini moja kando ya barabara ya Sake, telefone ya mama anayetutumia pesa ilizima na kujiwasha yenyewe katikati ya kazi. Pesa ya mteja ilikuwa imekatwa. Upande wa pili hakikufika kitu. Fundi aliitazama, akasema: «Nimeijaribu mara kumi, iko sawa.»

Mara kumi! Shuleni, hata ukipima pembetatu mia moja, mwalimu wa hesabu hakupi pointi. Anataka uonyeshe kwamba kanuni inashika kwa pembetatu zote, hata zile ambazo hakuna atakayezichora.

Kwa programu pia jambo hilo linawezekana. Mwaka wa 2009, watafiti wa NICTA kule Sydney, Australia, akiwemo Gerwin Klein na Gernot Heiser, walithibitisha kwa hesabu kiini cha mfumo endeshi kinachoitwa seL4. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu ya mashine na kuzuia programu moja isiingilie nyingine. Kiini chao kina mistari 8.700 hivi ya lugha ya C. Uthibitisho wake ulifika mistari 200.000, ukakaguliwa na programu iitwayo Isabelle; ni kazi ya kama miaka 20 kwa mtu mmoja. Kilichonishangaza ni hiki: kabla ya hapo, kukitumia tu kulikuwa kumefichua makosa 16. Uthibitisho ukafichua mengine 144.

Telefone zetu nyingi zinatumia Android, ambayo kiini chake, Linux, kina mamilioni ya mistari. Hicho hakuna aliyekithibitisha chote.

Hata seL4 ina masharti yake. Watafiti wenyewe waliandika wazi kwamba wanachukulia mashine haina kasoro (mashine ambayo tantali yake pengine imetoka Rubaya, hapa Masisi, na hakuna hesabu inayomwangalia mchimbaji). Wala uthibitisho haumzuii mtu kuandika namba ya mwingine.

Sidai kampuni zithibitishe kila kitu. Gharama yake tumeiona. Lakini ile sehemu ndogo inayokata pesa huku na kuiingiza kule, watuambie: imethibitishwa, ao imejaribiwa mara kumi?