Asusa ya Mwingereza, Asusa ya Mmarekani

Wahenga walinena kwamba nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Atazamaye kutoka mbali hudhani kuwa Mwingereza na Mmarekani ni watu wa nyumba moja, maadamu lugha yao ni moja. Waketishwe basi mbele ya bilauri mbili za bia, kisha waulizwe watatafuna nini. Kiswahili kina neno asusa kwa kitafunio anachokila mnywaji pamoja na kileo chake, neno tamu ambalo vijana wa mijini wamekaribia kulizika. Wawili hao hawaafikiani hata kuhusu jina la kiazi.

Mmarekani akiingia katika baa ya London na kuagiza chipsi, moyoni ana vipande vyembamba, vikavu, vinavyolia mdomoni. Ataletewa viazi vya moto vilivyokatwa vinene na kunyunyiziwa siki. Alichokitaka, Mwingereza hukiita krispi. Mkenya hapo hababaiki hata kidogo, kwa kuwa chipsi zake, krispi zake na biskuti zake ni urithi wa Mwingereza. Atakayetahayari ni yule Mkenya atakayeshukia Chicago.

Lakini viazi ni utani tu. Ugomvi wenyewe umo katika nguruwe, na msomaji ambaye dini yake imemharamishia nyama hiyo na avumilie kidogo. Bekoni ya Mwingereza hukatwa mgongoni mwa mnyama. Ni pana, laini, ya chumvi, na haikaushwi motoni. Bekoni ya Mmarekani hutoka tumboni, nyama na mafuta vikiwa vimefuatana mistari mistari. Hufukizwa moshi wa kuni, kisha hukaangwa mpaka ivunjike kama ukoko. Kwa hiyo hata mkate wenye bekoni ndani yake si mmoja. Mwingereza hutaka mkate mweupe usio na makuu, siagi, vipande viwili vitatu vya nyama vikiwa bado moto, na sosi. Basi. Mmarekani huuona mkate huo kuwa uchi. Yake haikamiliki bila saladi, nyanya, mayonezi na mkate uliobanikwa. Mwingereza naye akiutazama mnara huo huuliza nyama yenyewe imefichwa wapi. Kwa mizani ya haki, mlaji mwenye njaa ya asubuhi angemwunga mkono Mwingereza.

Na hiyo sosi ina hadithi yake. Kuna wanaoshikilia sosi ya nyanya, na kuna wanaoapa kwa ile ya rangi ya kahawia iitwayo HP, iliyobuniwa na Frederick Garton, mwenye duka la vyakula mjini Nottingham, aliyelisajili jina hilo mwaka 1895. Chupa yake ina picha ya Bunge la Uingereza. Ndani yake, ajabu, mna tende na ukwaju, vitu ambavyo mpishi wa Mombasa asingehitaji kutambulishwa kwavyo. Mwaka 2005 kampuni ya Kimarekani ya Heinz iliinunua sosi hiyo, na mwaka 2007 kiwanda cha Birmingham kikafungwa, kazi ikahamishiwa Uholanzi. Picha ya Bunge ilibaki pale pale kwenye chupa.

Katika baa za Uingereza asusa hununuliwa: krispi, mayai yaliyovundikwa katika siki, njugu, na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikawa ngumu kiasi cha kutishia meno. Marekani ya karne ya 19 ilikuwa na desturi nyingine. Rudyard Kipling alipofika San Francisco mwaka 1889 alistaajabu kuona kuwa anunuaye kinywaji kimoja huruhusiwa kula ashibe pasipo malipo. Ukarimu huo ulikuwa na ndoana ndani, kwani chakula kilikuwa cha chumvi nyingi, na chumvi huzaa kiu.

Hata ngozi ya nguruwe haifanani, kwani ile ya Marekani huumuka ikawa nyepesi kama bisi. Mwaka 1988 George H. W. Bush, mwana wa seneta na msomi wa Yale, alitangaza akiwa katika kampeni za urais kwamba ndicho kitafunio akipendacho. Hicho ni chakula cha watu wa kawaida wa majimbo ya Kusini. Bwanyenye akaonekana mwananchi, na urais akaupata.

Ed Miliband hakuwa na bahati hiyo. Mei 2014, akiwa kiongozi wa chama cha Labour, alipigwa picha sokoni London akiuma mkate wa bekoni, mdomo umepinda. Tarehe 6 Mei 2015, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, gazeti la The Sun liliijaza picha hiyo katika ukurasa wake wa kwanza. Miliband alizaliwa London, lakini wazazi wake walikuwa wakimbizi wa Kiyahudi, na wapo walionusa katika ukurasa ule swali ambalo halikuandikwa: mtu asiyejua kuula mkate huu ni mwenzetu kweli? Wengine walijibu kwamba huo ulikuwa mzaha tu. Labour kilishindwa, na tarehe 8 Mei Miliband akajiuzulu uongozi.