Kiti cha mtoto: kwenye ndege, na kwenye boti



Wiki mbili zilizopita, baada ya kikao, mama mmoja kijana aliniuliza hivi: «Mama, nasafiri na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Nimnunulie kiti chake kwenye ndege, ao nimpakate?» Tulikuwa tunafunga mlango, nikamjibu haraka haraka. Jibu lile halikunitosha hata mimi mwenyewe. Ndiyo maana leo ninaandika, kwa sababu swali hilo nililibeba kutoka Bukavu mpaka Kinshasa na kurudi, na nililipata jibu mahali ambapo sikulitafuta.

Ilikuwa mwezi wa saba 2023. Mama mkwe alikuwa mgonjwa Kinshasa, naye hajamwona mjukuu wake wa mwisho. Mtoto alikuwa na miezi 23. Kama mjuavyo, mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili anaruhusiwa kupakatwa kwenye ndege. Kwa desturi ya makampuni mengi analipa asilimia 10 hivi ya bei ya mtu mzima, na hana kiti. Akishatimiza miaka miwili, lazima awe na kiti chake, na bei inapanda sana. Wangu angetimiza miaka miwili tukiwa kule kule. Kwa hiyo muuza tiketi aliniambia: «Mama, kwenda atakaa kwenye magoti. Kurudi, ni kiti.»

Angalieni jambo hilo, wamama, kwa maana wengi linawashika uwanjani. Wanaangalia umri wa mtoto siku ya kila safari, si siku ya kununua tiketi. Ukienda naye bado mdogo na ukarudi ameshatimiza miaka miwili, utalipa kiti cha kurudi. Usipojua mapema, utalilipia jambo hilo huku ukilia mbele ya watu.

Nyumbani tulikaa tukahesabu. Kiti cha kurudi tu kilikuwa kinameza karibu fungu langu lote la likelemba, na fungu hilo nilikuwa nimeliwekea binti yangu mkubwa. Shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu 2019, lakini yeye yuko sekondari, na huko minervali inatungoja kila mwezi wa tisa. Je, nimnunulie mdogo kiti cha kwenda pia? Dada yangu alicheka: «Sisi tumelelewa mgongoni. Kiti cha nini?» Baba watoto alisema tupunguze gharama: tupite ziwani mpaka Goma, tupande ndege kule, kwa sababu siku hizo ndege za Goma zilikuwa nyingi kuliko za Kavumu. Tukafanya hivyo. Mtoto kwenye magoti, sisi ziwani.

Tuliondoka asubuhi. Mnaijua asubuhi ya Bukavu mtu akiiangalia kutoka majini: rasi zetu zimenyooka ziwani kama vidole vya mkono, nyumba zimepanda mlima mpaka Kadutu, na moshi wa makaa umelala juu ya mabati. Wavuvi wa sambaza walikuwa wanarudi, taa zao za usiku zimezimika. Mimi nilikuwa na sambaza kavu kwenye mfuko kwa ajili ya mama mkwe, na harufu yake ilitufuata mpaka Kinshasa.

Kijana wa boti akaanza kugawa jile, yale makoti ya kuelea. Alinipa moja, akapita. Nikamwita: «Na ya mtoto?» Akaniangalia kama mtu anayeulizwa swali la ajabu. «Mama, huyu hana tiketi.»

Hakunijibu kwa ubaya. Alikuwa na jile za kuhesabu, moja kwa kila tiketi, na zote za watu wazima. Nikavaa yangu. Mtoto nilikuwa nimemfunga mgongoni kwa kikwembe, na ilibidi nimfungue, kwa sababu jile na mtoto haviwezi kukaa pamoja. Koko mmoja wa Idjwi aliyeketi pembeni yangu akasema: «Ziwani usimfunge, mwanangu. Ukianguka naye, jile itakuinua wewe, yeye uso wake utabaki majini.» Halafu akaendelea kula ndizi yake.

Kuanzia pale sikuona tena uzuri wa ziwa. Nilihesabu watoto waliopakatwa waliokuwa karibu nami: saba. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na jile. Nikafikiri jambo lingine: majina yetu yaliandikwa kwenye manifesti kufuatana na tiketi. Ziwa hili lina kina cha mita zaidi ya 400. Kama boti ingezama, karatasi ile ingesema wangu hakuwahi kupanda.

Tulifika Goma salama, tukaona moshi wa Nyiragongo, na kesho yake tukapanda ndege. Safari ilikuwa ya zaidi ya saa mbili juu ya msitu. Mtoto alilala kifuani pangu, na alikuwa na kilo 11. Katikati ya njia tuliingia katika mawingu, ndege ikashuka ghafla, kikombe cha jirani kikaruka. Nilimkaza mtoto kwa mikono yote miwili, na pale pale nilielewa kwamba mikono yangu isingetosha kama mtikiso ungekuwa mkubwa zaidi.

Wengine waliwahi kulijua hilo kwa machungu. Tarehe 19 Julai 1989, kule Sioux City, Marekani, ndege kubwa iliharibika ikatua kwa kuanguka. Ndani yake kulikuwa na watoto 4 waliopakatwa. Wazazi waliambiwa wawalaze sakafuni na kuwashika. Wengine walirushwa kutoka mikononi, na mmoja wao alikufa. Tangu hapo wachunguzi wa ajali wa nchi ile wanaomba kila mtoto awe na kiti chake na mkanda wake.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Mwaka 2005 mamlaka ya ndege ya Marekani ilikataa kuweka sheria hiyo. Sababu yake ilikuwa hii: tukiwalazimisha wazazi kununua kiti, wengi watashindwa bei na watasafiri kwa gari, na barabara inaua watu wengi kuliko ndege. Wakaishia kuwashauri wazazi wanunue kiti, bila kuwalazimisha.

Niliposikia maneno hayo nilijiona mimi mwenyewe. Nilikuwa nimehangaika kwa ajili ya kiti cha ndege, na ili kupunguza gharama nikampeleka mtoto ziwani bila jile na bila jina. Nilikuwa nimekimbia hatari ndogo nikaingia katika kubwa.

Nayo si hadithi ya mbali. Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe na watu wengi wakapotea, na Rais Tshisekedi akaagiza kila msafiri wa ziwa avae jile. Halafu tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, kwa kuwa vita vilikuwa vimekata barabara na watu wa Minova hawakuwa na njia nyingine. Namba za wafu zilizotolewa siku zile hazikulingana. Mimi nikakumbuka wale watoto saba.

Kurudi, mwezi wa nane, mtoto alikuwa na miaka miwili na kiti chake kwenye ndege. Alikaa dirishani, akafungwa mkanda, akala biskuti, akalala. Na mimi nililala. Kule Goma nilienda sokoni kabla ya kwenda bandarini, nikazunguka mpaka nikapata jile ya mtoto, iliyotumika lakini mikanda yake mizima. Bandarini nikasema nataka tiketi ya mtoto. Yule wa tiketi alishangaa: «Si utampakata, mama?» Nikamwambia: «Nitampakata, ndiyo. Lakini uandike jina lake.» Nililipa nusu ya bei, na nikasimama pale mpaka nikaona jina limeandikwa.

Sasa nirudi kwa mama yetu kijana, na jibu ambalo ningempa siku ile.

Kama mtoto hajafikisha miaka miwili na fedha ni kidogo, kumpakata kwenye ndege si dhambi. Ajali za ndege kubwa ni chache. Mkanda wako ufunge wewe peke yako, usimtie mtoto ndani yake, kwa sababu mwili wako utamkandamiza. Wakikupa mkanda mdogo wa mtoto, utumie kama wanavyokuonyesha.

Kama una fedha, mnunulie kiti, lakini jua unanunua nini. Mtoto mdogo asiye na kiti maalumu cha kumfunga, kama vile vya gari, kwa kawaida watakuambia umrudishe magotini ndege inaporuka na inapotua. Basi hapo umenunua nafasi na mapumziko, hujanunua usalama. Kwa safari ndefu, kama ya kwenda Ulaya, mapumziko hayo yana maana. Uliza kampuni kabla ya kulipa.

Karatasi za mtoto ziandae mapema: akti ya kuzaliwa, kadi ya njano ya chanjo kama ana miezi 9 au zaidi, na ruhusa iliyoandikwa na baba kama unasafiri peke yako. Tangu vita vilipofika Kavumu Februari 2025, wengi wetu tunavuka Ruzizi kutafuta ndege Kamembe ao Kigali, na mpakani mtoto naye anahitaji karatasi zake.

Na kama fedha inatosha kiti kimoja tu katika safari nzima, kinunue ziwani. Mnunulie mtoto tiketi hata kama utampakata, hakikisha jina lake limeandikwa, mvalishe jile inayomtosha, na usimfunge mgongoni. Ukiona boti imejaa kupita kiasi, shuka. Najua ni rahisi kusema. Mtu mwenye maiti inamngoja Goma hashuki. Lakini tulisema hapa, ili siku ile mtu akumbuke.

Mwisho ninaleta ombi. Jile ya mtoto wangu sasa ni ndogo kwake, na imelala juu ya kabati. Ninaileta kwenye chama. Kama tukitoa kidogo kutoka kisanduku cha msaada, tunaweza kuongeza mbili ama tatu za vipimo tofauti, na kila mama anayesafiri ziwani na mtoto ataazima na kurudisha, kama tunavyoazimana sufuria za sikukuu. Binti yangu mkubwa, yule ambaye fungu lake lililiwa na kiti cha ndege, alichelewa wiki tatu kulipa minervali mwaka ule. Alinikasirikia. Nilipomweleza habari ya jile, ndiye aliyeniambia: «Mama, hiyo iliyo juu ya kabati inamngoja nani?»

Tuliongee kwenye kikao kijacho. Mama mwenye safari ya karibu aseme mapema, ili jile hii ianze na mtoto wake.